Kusambaza, kusakinisha, kusanidi: msamiati wa kupeleka programu katika vifaa vya taasisi

Mwaka juzi chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniomba nikitafsirie waraka wa kurasa mbili. Chama hicho kina ofisi kadhaa mkoani Iringa, na mojawapo iko Ipogolo, bondeni, pale ambapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita chini ya mji na njia ya kupandia mjini inapoanzia. Ofisi ya Ipogolo ilikuwa na kompyuta tisa na vishikwambi vinne vya maofisa wanaowazungukia wanachama. Waraka ulieleza namna programu mpya ya daftari la wanachama ingepelekwa katika vifaa vyote vya chama kutoka kwenye seva moja, bila fundi kukanyaga ofisi yoyote. Niliutafsiri kwa jioni moja, nikaukabidhi, nikalipwa, nikausahau.

Sentensi zangu mbili ndizo zilizoleta balaa. Moja ilisema: "Programu mpya itasambazwa Jumatatu usiku." Nyingine ilisema: "Programu ya zamani ifutwe kabla ya hapo." Jumatatu jioni karani wa Ipogolo alifungua folda ya programu ya zamani, akafuta kila kilichokuwamo, akamwaga na pipa la taka la kompyuta ili kazi iwe safi. Ndani ya folda hiyo mlikuwa na faili la kumbukumbu za wanachama, na nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa imechukuliwa wiki mbili kabla. Kisha, kwa kuwa waraka ulisema programu "itasambazwa", ofisi ikafanya kama inavyofanya mbolea ya ruzuku inaposambazwa: ikamsubiri mletaji. Mletaji hakuonekana, watu wakazima kompyuta wakaenda nyumbani. Asubuhi ya Jumanne programu mpya ilikuwa haipo, ya zamani haipo, na amana za wiki mbili za wapakiaji mizigo, mama lishe na wauza vitunguu zilikuwa zimebaki katika vipande vya stakabadhi tu. Kuziandika upya kulichukua siku nne.

Karani hakukosea. Alitenda kile ambacho Kiswahili changu kilimwambia atende. Makala haya yanahusu maneno niliyopaswa kuyatumia, na kwa nini lugha yetu ilikuwa nayo tayari.

Mfasiri asiyeijua kazi hatalijua neno, kwa hiyo tuanze na kazi yenyewe. Neno la Kiingereza linalobeba dhana hii lilitoka katika Kifaransa, likiwa na maana ya kukunjua kitu kilichokunjwa. Jeshi likalichukua kwa maana ya kuwapanga askari uwanjani, na watu wa kompyuta wakalichukua kutoka jeshini. Ndani yake mna mambo matatu kwa pamoja: kuna kitu kimoja kilichoandaliwa mahali pamoja, kuna sehemu nyingi kinakotakiwa kufika, na kuna hali ya kuwa tayari kwa kazi kinapofika. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachobeba yote matatu, na sioni kwamba huo ni upungufu. Tunachokosa ni mazoea ya kuyatenganisha.

Njia kongwe ni ya fundi mwenye flashi anayetoka meza hadi meza. Hapa msamiati wa mtaani unatosha kabisa: fundi ataweka programu, ataiingiza, na akiwa kijana wa dukani atasema anapiga Windows, kama mtu apigavyo pasi au rangi. Wengine husema kuinstoo, na sina ugomvi nao, kwani mazungumzo ya dukani yana sheria zake. Kitu cha kuangalia ni kwamba mtendaji ni mmoja, kifaa ni kimoja, na tendo lina mwanzo na mwisho unaoonekana kwa macho. Vitenzi vyetu vingi vya kompyuta vimezaliwa katika mazingira hayo ya mtu mmoja mbele ya kioo kimoja. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kampuni kubwa za programu zilipofuata na menyu zao za Kiswahili, wafasiri walikuwa wakimwandikia mtumiaji huyo mmoja: bofya hapa, chagua lugha, sakinisha. Msamiati huo ulijengwa vizuri. Tatizo linaanza tunapouchukua ulivyo na kuupeleka katika ofisi ambayo hakuna anayebofya chochote.

Katika maabara za kompyuta za shule na vyuo kuna njia ya pili. Fundi huandaa kompyuta moja kikamilifu, kisha hunakili diski yake nzima na kuimimina katika kompyuta nyingine arobaini. Tafsiri nyingi huita nakala hiyo "taswira", kwa kufuata neno la Kiingereza. Mwanafunzi akisikia taswira hufikiria picha au fasihi. Mimi husema nakala ya diski, na ile kompyuta ya kwanza huiita kompyuta mama, kwa sababu jina hilo linaeleza pia hatari ya njia yenyewe: watoto huzaliwa na utambulisho uleule wa mama, na isipoandaliwa kwanza kwa zana kama Sysprep ya Windows, mtandao hujikuta na kompyuta arobaini zinazojitambulisha kwa namna moja.

Njia iliyotumiwa na chama cha Ipogolo ni ya tatu, nayo ndiyo yenye utajiri wa lugha. Tangu Windows 2000, msimamizi wa mfumo ameweza kukaa kwenye seva moja na kuamuru kompyuta zote za idara fulani zipokee programu fulani kupitia sera za Active Directory. Mfumo huo unatofautisha mambo mawili ambayo mfasiri akiyachanganya atapotosha ofisi nzima. Kompyuta inaweza kupangiwa programu, na hapo kompyuta inapowashwa programu huingia yenyewe, mtumiaji apende asipende. Au mtumiaji anaweza kutangaziwa programu, na hapo jina lake hutokea katika orodha, naye huichukua akiihitaji. Nimechagua kupangiwa kwa makusudi. Kila mwalimu wa Tanzania anajua maana ya kupangiwa kituo cha kazi, na anajua kwamba haulizwi. Kupangiwa na kutangaziwa yote ni ya kauli ya kutendea iliyogeuzwa kuwa ya kutendwa, na kauli hiyo inamweka anayefikiwa na tendo mahali pa kiima: "kompyuta za mapokezi zimepangiwa programu mpya." Sentensi hiyo haiachi shaka kuhusu nani anasubiri na nani anatenda.

Usakinishaji wa aina hii huendeshwa kimyakimya, maana yake programu haiulizi maswali njiani. Wapo wanaoandika "usakinishaji wa kimya", na si kosa, lakini takriri ya kimyakimya inabeba ule mwendo wa kufanyika bila kugutusha mtu, na msomaji huelewa papo hapo kwamba asitarajie kuona dirisha lolote likifunguka.

Siku hizi taasisi nyingi zimehamia katika usimamizi unaopitia intaneti, kwa huduma kama Intune ya Microsoft. Kifaa husajiliwa kwanza. Kishikwambi kipya cha Android kinaweza kusajiliwa kwa kusoma msimbo wa QR mara tu kinapowashwa kwa mara ya kwanza, na tangu hapo kinatambua mwajiri wake. Hapa ndipo lilipo kosa ninaloliona zaidi katika tafsiri za wanafunzi wangu. Wataalamu husema programu "inasukumwa" kwenye vifaa, na mfasiri huandika kusukuma. Msomaji wa Kiswahili huona nguvu inayotoka nyuma na kukifikia kifaa popote kilipo. Kwa kawaida mambo huwa kinyume: kifaa ndicho kinachopiga hodi kwenye seva kila baada ya muda, kuuliza kama kuna jipya, na kuvuta kilichopangiwa. Hata pale seva inapotuma ishara ya kukiita kifaa, kifaa kilichozimwa hakiitiki. Laiti ningaliandika katika waraka ule "kompyuta zitavuta programu mpya Jumatatu usiku, kwa hiyo ziachwe zimewashwa na ziwe kwenye mtandao", karani angalielewa bila kuuliza. Nilitumia kitenzi kinachomfanya msambazaji kuwa mhusika mkuu wakati mhusika mkuu ni kompyuta ya Ipogolo.

Je, kusambaza ni neno baya? Hapana. Msingi wake ni sambaa, kitenzi cha maji na habari, na sambaza ni kusababisha hali hiyo. Linafaa pale tunapozungumzia mpango mzima kutoka juu: "Makao makuu yanasambaza programu mpya katika ofisi zote ndani ya miezi mitatu." Halifai katika agizo kwa mpokeaji, kwa kuwa halimwambii afanye nini. Katika Nyanda za Juu Kusini lina uzito wa ziada. Mbolea husambazwa, mbegu husambazwa, vitabu vya shule husambazwa, na katika hayo yote kuna gari, kuna mzigo, kuna karatasi ya kutia saini. Mfasiri wa Dar es Salaam huenda asilione gari hilo. Sisi tulio kando ya barabara kuu tunaliona.

Mfano mkubwa zaidi wa kazi hii katika nchi yetu wengi waliushika mikononi bila kuuita kwa jina lolote. Kwa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, makarani walikwenda nyumba kwa nyumba na vishikwambi badala ya makaratasi. Kila kishikwambi kilitakiwa kuwa na dodoso lilelile, toleo lilelile, kabla ya karani kubisha mlango wa kwanza. Baadaye vishikwambi vya sensa vikaingia katika mgao wa vishikwambi zaidi ya laki mbili waliopewa walimu. Kwa mtu wa kamusi, tukio hilo lina faida mbili. Neno kishikwambi, ambalo nilizoea kulieleza darasani kwa ishara za mikono, lilitoka katika orodha za istilahi likaingia sokoni kwa msimu mmoja. Na swali la kuondoa lilipata mfano wa wazi: kifaa kinapotoka mkononi mwa karani kwenda mkononi mwa mwalimu, kuna programu ya kuondolewa na kuna data ya kufutwa, na hayo ni matendo mawili.

Hapo ndipo kosa langu la pili lilipo, na ndilo linaloniuma. Kufuta ni kuifanya alama isiwepo, kama ubao unavyofutwa. Kuondoa ni kukitoa kitu mahali kilipokuwa. Programu ikiondolewa kwa utaratibu wake, mfumo hung'oa sehemu zake zilizotawanyika, na kwa kawaida huacha mafaili ambayo mtumiaji aliyaunda. Folda ikifutwa, vyote huenda pamoja, na mara nyingi mizizi ya programu hubaki mahali pengine ikisumbua. Menyu za simu za Android zimewahi kutumia sanidua kwa tendo hili. Wapo walimu wanaolicheka neno hilo. Mimi nalipenda, kwa kuwa limeundwa kwa kauli ya kutendua, ileile inayotupa fungua kutokana na funga na tegua kutokana na tega, na sasa imewekwa juu ya kitenzi cha mkopo, sanidi. Lugha inayoweza kubandika kiambishi chake cha kale juu ya mzizi mgeni haijazeeka. Lakini katika waraka wa ofisi singeliandika sanidua, kwa sababu karani hatalijua na hatakuwa na muda wa kufungua kamusi. Ningeandika: "iondolewe kupitia orodha ya programu, mafaili ya wanachama yasifutwe." Maneno tisa yanayookoa siku nne.

Kuhusu sanidi yenyewe, nashauri ibaki kwa maana ya kurekebisha programu iliyokwisha kuwapo iendane na mahitaji ya ofisi: jina la tawi, anwani ya seva, haki za kila mtumiaji. Baadhi ya waandishi huitumia kama kisawe cha sakinisha, na matokeo yake ni ripoti inayosema programu "imesanidiwa" wakati imewekwa tu, bila kuelekezwa kwenye tawi lolote. Kusimika nako ninakuona katika baadhi ya tafsiri. Mnara wa simu husimikwa, mtambo husimikwa, askofu na chifu husimikwa. Kwa seva ya chuma inayofungwa chumbani neno linafaa. Kwa programu isiyo na uzito linazidi kimo.

Sasa sakinisha. Wengi huliona kama istilahi iliyobuniwa, lakini mzizi wake ni wa zamani. Kamusi zetu zina sakini, kwa maana ya kukaa au kuishi mahali, ndugu wa maskani. Kusakinisha, basi, ni kukifanya kitu kikae, kipate makazi. Hili lina manufaa ambayo hatuyatumii. Kiingereza cha ripoti za kompyuta huchanganya programu iliyotumwa na programu iliyofika ikakaa, na wasimamizi wengi wamedanganywa na asilimia mia moja iliyomaanisha kutumwa tu. Kiswahili kinaweza kutenga hatua hizo kwa kauli za vitenzi. "Programu imesambazwa kwa kompyuta tisa" inaeleza kilichofanywa na msimamizi. "Imesakinishwa katika kompyuta saba" inaeleza tendo lililotekelezwa kwenye kifaa. "Imesakini katika kompyuta sita" inaeleza hali: imekaa, inafunguka, inafanya kazi. Kompyuta ile ya saba ndiyo fundi anayotakiwa kwenda kuiangalia. Nimewaona wanafunzi wakitumia imesakinika kwa maana hiyo ya tatu, na kauli ya kutendeka inaruhusu, ingawa mimi huisikia kama "inawezekana kusakinishwa", ambayo ni habari nyingine.

Umuhimu wa kutenganisha hatua ulionekana duniani kote tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ilitoa sasisho lenye kasoro kwa programu yake ya ulinzi, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows zikaanguka. Safari za ndege zilisimama, hospitali na benki zikakwama. Kampuni ilirekebisha sasisho hilo ndani ya saa chache, lakini kompyuta iliyoanguka haiwezi kuvuta dawa, na nyingi zilihitaji mtu wa kukaa mbele yake na kuitengeneza kwa mkono. Yaani njia ya kisasa kabisa iliishia kuomba msaada kwa ile kongwe ya meza hadi meza. Tangu hapo watu wengi wamekazania zaidi kupeleka sasisho kwa awamu: kwanza vifaa vichache, kisha idara moja, kisha vyote. Istilahi ya Kiingereza hapa ni ya pete au duara. Nashauri awamu, neno ambalo ofisi za Tanzania zinalielewa bila maelezo, na kundi la kwanza liitwe kundi la majaribio.

Kuna njia moja nimeiruka, nayo ni ya kutopeleka chochote. Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, kwa mfano, hufunguliwa kwa kivinjari. Ofisi hupewa akaunti, na programu hubaki kwenye seva. Hapo vitenzi vyote nilivyojadili hupumzika, na maneno ya kutumia ni kuruhusiwa, kufunguliwa akaunti na kuondolewa haki.

Mwaka jana chama kilibadilisha programu tena, na nikaomba niandike waraka bila malipo. Safari hii niliupeleka Ipogolo mwenyewe kabla haujachapwa. Katibu muhtasi wa ofisi, ambaye nilimfundisha fonolojia miaka mingi iliyopita, alinipokea kwa "Kamwene, mwalimu", akanipa kiti na chai, akasoma kwa sauti mbele ya karani. Sentensi ya kuacha kompyuta zimewashwa ilipita. Ile ya kuondoa bila kufuta mafaili ilipita, na karani aliisoma mara mbili, akatabasamu bila kunitazama. Tulikwama kwenye mstari wa mwisho, nilipokuwa nimeandika: "Programu ikishasakini, mtajulishwa."

"Samahani, mwalimu," katibu alisema. "Hili neno ni zuri, lakini hapa ofisini litaulizwa."

"Wewe ungesemaje?"

Alichukua kalamu, akalikata neno langu kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: "ikishakaa".